Dhiraa Mbili za Ermelinda

Kamba ya kisima chetu ina mafundo arobaini na mawili.
Nayajua, nusu yake niliyakaza mimi,
upande huu wa uga, na Ermelinda Zeledón upande ule,
na kati yetu nailoni ya buluu iliyokuwa bado inanuka duka.

Futi kamba hakuwa nayo. Alikuwa na mkono.
Kiwiko hadi ncha ya kidole, mara mbili, funga.
Kiwiko hadi ncha ya kidole, mara mbili.
“Usinivute,” akanikemea, “mimi si punda.”

Kazi yangu ni kuziba pancha,
pale lami inapokata kona kwenda Somoto.
Tairi la basi lililokufa nililileta begani,
naye akalikata kwa kisu cha mshona viatu,
visahani vidogo, akivipimia kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi.
Kikubwa kitakwama, kidogo kitavujisha,
kwa hiyo akakijaribu kila kimoja mdomoni mwa bomba
kama mtu anayemvisha mtoto kiatu cha shule.

Kabla ya hapo tulikuwa na pampu ya chuma, ya kijani,
iliyokuja na bendera na hotuba mbili.
Kilichovunjika ndani yake hakikuzidi kidole gumba.
Tuliandika barua ng’ambo; ilijibiwa, tena kwa adabu.
Fimbo ya mbali.
Kuku waliizoea, wakawa wanaitagia chini yake.

Hii ya kwetu ni rimu ya baiskeli juu ya kisima,
mpini wa nondo iliyopindwa,
kamba inayoshuka kavu na kupanda ndani ya bomba
ikiwa imebeba maji juu ya kila kisahani,
na kule chini, mita kumi na nane, gizani,
kipande cha kauri kinachoigeuza irudi.
Gharama yote haikufika bei ya ndama.

Siku ya kwanza alizungusha mwenyewe.
Bomba likakohoa. Likatema tope.
Hatukupiga makofi,
maana Nazario alikuwa ameshatega ndoo.

Baadaye akaja Yader, kijana wa ofisi ya maji,
buti safi, kitabu kwapani.
Akapima fundo hadi fundo:
sentimita tisini na mbili.
“Kitabu kinasema mita moja, bibi. Umepungukiwa na nane.”
Ermelinda akamkabidhi mpini.
“Zungusha.”
Akazungusha, akanywa, akajifuta kidevu,
akaandika tisini na mbili
na pembeni yake alama ya kuuliza.

Alifariki Februari, mwaka ule mahindi yalipogoma kutoa hata mashuke.
Kamba ilimzidi umri kwa miezi kumi na minne,
kisha ikaanza kutoa nyuzi, kama kola ya shati.

Nikanunua nyingine. Safari hii ya njano, buluu ilikwisha.
Nikakaa ugani peke yangu, nikanyoosha mkono wangu.
Kiwiko hadi ncha ya kidole, mara mbili.
Kwa udadisi nikaazima futi kamba:
mita moja kamili.
Mkono wangu ulikuwa umekisoma kitabu cha Yader
bila mimi kujua.

Nilikaa na hilo kwa muda.
Yorleni, mjukuu wake, alipita na ndoo tupu,
akapita tena, akauliza kama nimelala.

Nikaitandaza kamba kuukuu kwenye vumbi,
nikailaza mpya ubavuni pake,
na pale alipofunga yeye, nikafunga.
Arobaini na mawili.

Pampu haijui tofauti.
Nimetega sikio. Haijui.
Maji ni yaleyale, yana ladha ya chuma kidogo,
na Yorleni huzungusha kwa kasi mno, ataimaliza rimu.

Ile ya buluu sikuitupa.
Imemfunga ndama wa Nazario nyuma ya zizi;
kila akijaribu kuitafuna anakuta fundo,
anasogea, anajaribu tena, anakuta fundo.